Uzi Usiohesabiwa: Barua kutoka Kathonzweni

Kathonzweni, Makueni
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Nimefika Ukambani salama na afya ninayo, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, Dar hadi Horohoro, Horohoro hadi Mombasa, kisha njia kuu ya kwenda Nairobi. Makindu nilishuka na njaa yangu, nikaelekezwa kwenye hekalu la Masingasinga. Lipo tangu 1926, na mpaka leo msafiri anakula bure pale, awe wa dini yoyote. Nilikula chapati na dengu, nikanawa uso, nikapanda matatu ya kuja huku.

Nchi ni kavu, dada. Udongo mwekundu, migunga, mbuzi kila mahali, miembe imesimama peke yake katikati ya mashamba. Watu wanalima ndengu na mbaazi, maana mahindi huwaangusha mvua ikikatika mapema. Mipakani mwa mashamba kumepandwa mkonge. Nilidhani ni uzio tu, hadi nilipofika kwa mwenyeji wangu.

Ni mama mdogo wa yule rafiki yetu wa Mombasa. Hapa kila mtu anamwita Mwaitu, yaani mama, nami nimefuata hivyo hivyo. Nilipomwamkia shikamoo alisita kidogo, kwa kuwa bara huku haisikiki sana, halafu akaipokea kwa furaha. Sasa kila asubuhi anaisubiri.

Mwaitu anasuka vyondo. Kwa Kikamba kimoja ni kyondo, vingi ni syondo. Usifikirie vikapu vyetu vya ukindu, ambavyo tunasuka ukili mrefu kwanza kisha tunaushona. Huku wanaanzia kitakoni kwa nyuzi chache zilizopishanishwa, wanazungusha, wanaongeza nyuzi za kusimama kadiri kitako kinavyopanuka, hadi kiondo kinapanda chenyewe bila mshono hata mmoja. Akienda sokoni anasuka njiani, kiondo kikiwa kifuani, nyuzi zinaning'inia kama ndevu.

Lakini kilichonikalisha chini ni uzi wenyewe. Jani la mkonge linakatwa, linaondolewa miiba, linapasuliwa, halafu linavutwa kati ya kisu na kipande cha mti mpaka nyama yake ya kijani itoke yote na kubaki nyuzi nyeupe. Zinaanikwa juani. Jioni Mwaitu anaketi kwenye mkeka, amenyoosha miguu, majivu kidogo kiganjani ili uzi usiteleze. Anachukua vifungu viwili vyembamba, anavilaza pajani, anavisukuma mbele kwa kiganja hadi kila kimoja kijisokote peke yake. Kisha anavirudisha nyuma kwa pamoja, navyo vinakumbatiana vinakuwa uzi mmoja. Mbele, nyuma. Anaongeza nyuzi mpya kabla za zamani hazijaisha, na hata ukipapasa kwa kidole huoni kiungo kilipo. Muda wote huo anaongea na wajukuu, anachungulia sufuria ya isyo, ile pure yao ya mahindi na maharage. Mkono hautazami.

Nilimuuliza kiondo kimoja kinamchukua muda gani. Akasema wiki mbili, au tatu kama kuna palizi. Nikamuuliza: na uzi je? Akanishangaa.

"Uzi si kazi, mwanangu. Uzi nasokota nikiwa nimekaa."

Dada, usiku huo sikulala mapema. Kesho yake nilimwomba tuhesabu. Nikashika saa ya simu, yeye akasokota, kisha tukaupima uzi kwa mikono iliyonyooshwa. Nusu saa ilitupa pima nne. Tukachukua kiondo cha kati, tukakadiria nyuzi za kusimama na zile za kuzunguka. Hesabu ilipofika mwisho, tuliona kwamba uzi ulikuwa umekula saa nyingi kuliko kusuka kwenyewe. Mwaitu alinyamaza. Akakigeuza kile kiondo mkononi, akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni.

Kwenye bei ya broka uzi haumo kabisa. Broka anakuja kwa pikipiki, anaangalia kama kitako kimekaa sawa, kama rangi haijachuja, kama mdomo haukupinda, anataja bei yake. Fundi wa ngozi wa mjini, anayetia mishipi na kuzungushia mdomo, bei yake inajulikana na hakuna anayebishana naye, kwa sababu ngozi ameinunua na kazi yake inaonekana ikifanyika. Saa za Mwaitu zimetawanyika katikati ya kupika, vikao vya chama na kukaa na mgonjwa. Kwa kuwa hazina mahali pake maalumu, hata mwenyewe hakuwahi kuzidai.

Hapo nikatukumbuka sisi wachoraji. Ukiulizwa mchoro wa chui umekuchukua muda gani, unasema siku mbili. Ile miaka ya kukaa barazani ukitazama waliokutangulia wakivuta mstari mmoja wa mkia bila kuinua brashi, unaiandika wapi? Wala sijasahau zile picha kumi na mbili nilizompa mwenye duka kwa mali kauli. Hakunilipa hata moja. Kilichonichoma zaidi ni maneno yake, kwamba nisilalamike, si nitachora nyingine. Alisema kweli, ningechora nyingine, nami nilichora. Ila kwa kusikia hivyo nilijiona kama bomba, kwamba mtu anafungua tu na mimi natoka.

Nikwambie jambo jingine linalonifanya nijione si mgeni kabisa hapa. Ukamba wote unamjua Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa kwetu Dar es Salaam, akawaona Wazaramo wakichonga, akarudi nyumbani na ufundi huo, akaanza kuchonga sanamu za kuuza. Wengine wakajifunza kwake, na uchongaji wa Wakamba ukafika duniani kote. Mombasa nilipita Changamwe kwenye ushirika wao ulioanzishwa mwaka 1963. Wanakaa kwa makundi chini ya vivuli, takataka za mbao hadi kwenye vifundo vya miguu, tezo zinagonga kwa mpigo. Muhugu na mpingo vimekuwa adimu kwa kukatwa miaka na miaka, kwa hiyo wengi sasa wanachonga mwarobaini na mwembe. Mzee mmoja aliniambia mwarobaini ulimfundisha mkono upya, kwa maana muhugu alikuwa ameuzoea.

Na vyondo vya huku, vikishapita kwa mabroka, vingi vinaishia soko la Kariokor, Nairobi. Jina hilo limetoka kwa jeshi la wapagazi la Waingereza la vita ile ile, kama Kariakoo yetu. Nilipomweleza Mwaitu kwamba Dar pia tuna soko lenye jina hilo, aliniuliza kama na kule wanalipa vibaya.

Tuliongea sana pia juu ya jina la mwenye kazi. Kwetu jina limekuwa mzigo wa namna nyingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na kufariki 1972, miaka minne tu, na leo mnunuzi akisimama mbele ya picha yako anasema amenunua tingatinga. Jina la marehemu limetulisha, namshukuru kwa moyo wote, hata ushirika wetu wa mwaka 1990 unalibeba. Lakini limefunika majina ya walio hai. Huku kwa Mwaitu hakuna jina kabisa. Kiondo kinaondoka kikiwa "kiondo cha Kenya". Nchi yao imetunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, nami naiona ni jambo jema, maana vyondo vya kuiga vilivyotoka viwandani ng'ambo viliwaumiza wasukaji. Hata hivyo jamii ni pana, na paja lililosokota ni la mtu mmoja.

Nikamuuliza kama angependa kutia alama yake. Akacheka, akanionyesha kitako cha kiondo alichokuwa nacho. Katikati kabisa, mahali nyuzi za kwanza zinapopishana, kuna uzi mmoja wa bluu. Anautia katika kila kimoja. Hakuna broka aliyewahi kuuliza.

Ndani kwake, juu ya msumari, kuna kiondo kimoja ambacho hakiuzwi. Alikisuka mama yake kwa nyuzi za gome la mbuyu, kimekuwa rangi ya asali, laini kama kitambaa, na humo anaweka mbegu za msimu ujao. Alikuja nacho alipoolewa. Broka mmoja alikitaka kwa pesa nzuri, akarudi mara tatu. Nilimuuliza kwa nini hakukitoa, hali mwaka ule mvua ilikuwa imekatika na karo ilikuwa inadaiwa. Akaniambia kwamba akisuka bila kukiona pale ukutani, mdomo wa kiondo unapinda.

Jana broka alikuja. Mwaitu alikuwa na vyondo vitatu. Bei ikatajwa, na kwa mara ya kwanza, huku mimi nimekaa pembeni nikijifanya namenya ndengu, alisema kwa Kikamba maneno ambayo sikuyaelewa isipokuwa namba. Pima. Nusu saa. Broka alitazama chini, akaongeza kidogo, kidogo sana, akachukua viwili. Cha tatu Mwaitu alikataa. Leo asubuhi amenikabidhi mimi. Nililipa bei tuliyoihesabu pamoja, naye alizihesabu noti mara mbili, akaniambia "ni muvea", yaani asante.

Nimejaribu kusokota. Paja limewiva na uzi wangu unafumuka nikiuachia tu. Wajukuu wananicheka hadi wanalala chini.

Kiondo nakituma na barua hii kwa kijana wa basi la Alhamisi, kitakufikia Dar. Geuza kitako uangalie uzi wa bluu. Tia humo brashi zako, lakini zikauke kwanza, rangi ya mafuta ikiingia kwenye mkonge haitoki.

Ndimi kaka yako

Niandikie uliuza bei gani ule mchoro wa ndege.