Kasuku wa Himbi na kosa langu hewani

Wasikilizaji wengi mumeniuliza kwa nini sikurudi tena hewani na habari ya wale kasuku wawili wa Himbi. Mmoja wenu aliandika kwamba nimepewa pesa ninyamaze. Hapana. Ni haya ndiyo yaliyonizuia. Leo nawaandikia yote, maana kwenye redio nina dakika tatu tu.

Niliwaona mara ya kwanza asubuhi, nikienda kazini kwa miguu. Walikuwa juu ya mgrevilia, si mbali na ziwa: mwili wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili. Hapa Goma tumezoea kunguru, na mwewe wanaonyakua nyama mikononi mwa watu sokoni. Kasuku kwao ni msitu wa chini wenye joto, Walikale, Maniema, Tshopo, ambako wanakula ngazi na kuruka makundi kwa makundi. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, juu ya mawe ya volkano. Wawili hawa walifuata nini?

Ndipo mmoja akasema, kwa sauti ya mama aliyechoka: "Muzimishe redio! Batri itaisha!"

Nilicheka peke yangu barabarani mpaka motari mmoja akasimama kuniangalia.

Hapo nikajua kwamba hao hawakutoka porini. Ndege aliyetoroka ana alama zake. Haogopi watu. Mkia wake mara nyingi umechakaa kwa kusuguana na nyaya za kitundu, wengine wana pete mguuni. Na kama anasema maneno ya watu, basi ameishi na watu. Wachuuzi huwakata manyoya ya mabawa wasiruke, lakini manyoya huota tena, na siku moja kitundu kikiwa wazi ndege anakwenda. Hawa walikuwa wanakula mapera ya watu na kulala juu ya mti uleule. Nilipita pale wiki tatu mfululizo.

Nilimtumia shangazi yangu wa Brussels video kwa simu, nikidhani nitamshangaza. Akanijibu na video yake: kasuku wa kijani, wengi, wanapiga kelele kwenye bustani katikati ya baridi. Akanieleza kwamba mwaka 1974 mwenye bustani moja ya michezo, karibu na Atomium, alifungulia kasuku kama 40 ili mji upendeze. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Wanataga mapema ndani ya matundu ya miti, na ndege wadogo wa kule wanaotumia matundu hayohayo wanakosa nafasi. Wafanyabiashara wetu wanaofika Dar es Salaam nao wanajua kunguru wa kule, wale weusi wenye shingo ya kijivu: asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na sasa wanakula mayai na vifaranga vya ndege wengine hadi bara. Kwa hiyo mgeni mwenye mabawa si furaha kila mahali. Lakini kasuku wawili hawawezi kuharibu Goma.

Basi nikafanya kipindi. Nikaeleza sauti, nikaeleza mkia, na nikataja avenue. Nikataja hata mti. Kwenye kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa maswali matano, na "wapi" ni mojawapo. Mimi nilijibu wapi vizuri kuliko yote mengine.

Simu zilipigwa siku nzima. Familia tatu zilidai ndege ni wao. Mbili nilizitilia shaka. Ya tatu alikuwa mama mmoja aliyekimbia Sake mwezi wa pili 2024, vita vilipokaribia. Hakuanza kwa kudai. Aliuliza tu: "Yaya wa redio, huyo ndege iko na kidole kimoja kimekatika, mguu wa kushoto?"

Alikuwa amemnunua kwa mchuuzi aliyetoka Walikale, watoto wake wakiwa bado wadogo. Alimbeba kwa miguu hadi Bulengo, kitundu kichwani, godoro mgongoni kwa binti yake. Kambini chakula kilikuwa hakitoshi hata kwa watoto. "Nikafungua mlango," aliniambia. "Alikaa juu ya turubai siku mbili, akinitukana kuhusu batri. Siku ya tatu hakuwepo." Huyo mwingine hakumjua.

Tulipanga twende pamoja kesho yake. Tulipofika, tawi walilozoea kulalia lilikuwa limepakwa ulimbo. Chini kulikuwa manyoya ya kijivu na moja jekundu, ambalo mtoto wa jirani alikuwa tayari amelishika. Akatuambia vijana wawili walikuja usiku na ngazi. Mama aliokota unyoya mmoja, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake. Kisha akaniambia bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza: "Bora ungesema tu kwamba wako, bila kusema pahali."

Nilijua. Nilikuwa nimewahi kusoma habari hewani kwamba mwaka 2016, kule Johannesburg, mataifa yaliamua kasuku wa kijivu wasiuzwe tena kwa biashara kati ya nchi na nchi, kwa sababu wanakamatwa kupita kiasi, na nyumba zao zinakatwa pamoja na miti. Nilijua kwamba ndege anayesema anauzwa haraka. Tunaficha pahali wanapolala watu waliokimbia vita, hatutaji hema wala jina. Kwa ndege sikufikiri.

Tumeuliza sokoni na kwa wachuuzi, mama na mimi, mara nne. Hatukumpata. Kama kuna mtu aliyenunua kasuku anayelalamika kuhusu batri, mwenye kidole kilichokatika mguu wa kushoto, aje kwenye ofisi yetu, hatutamuuliza jina.

Yule wa pili yupo. Nilimwona Jumapili, akila mapera, akipiga mluzi. Yeye hasemi. Mama alikuja kumtazama na wajukuu wawili, wakakaa chini ya mti mpaka saa kumi na moja. Mti gani, sitasema.