Dawa Iliyotoka Udongoni

Msomaji wangu, udongo tuukanyagao bila kuujali huficha neema kubwa. Mwaka 1949 daktari Abelardo Aguilar wa Iloilo, katika nchi ya Ufilipino, alipeleka Marekani udongo wa kwao uchunguzwe. Ndani yake kilipatikana kiumbe kidogo mno kitoacho dawa. Dawa hiyo, eritromisini, ilianza kuuzwa mwaka 1952.

Penisilini huvunja ukuta wa bakteria. Eritromisini na ndugu yake azithromisini huingia ndani na kukwamisha mtambo unaounda protini. Bakteria akosaye protini hakui wala hazai. Kwa hiyo mgonjwa adhuriwaye na penisilini aweza kupata msaada hapa; kifaduro hutibiwa, hata baadhi ya homa za mapafu; na katika Turkana azithromisini imegawiwa vijiji vizima ili trakoma isipofushe watu.

Mimi mwalimu huingiwa na hofu nimwonapo kijana mwenye mafua akinunua vidonge viwili vitatu vya dawa hii. Mafua huletwa na virusi, na virusi havina mtambo ule. Mafua hayaponi, lakini bakteria waliomo mwilini, wale wajuao kuikwepa dawa, ndio wabakiao na kuzaana. Siku ya homa ya mapafu dawa itakuwa panga butu.

Basi itumie kwa agizo la daktari tu, kwa kipimo na siku alizokuandikia. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.