Vinicunca: Mlima Uliotutenganisha kwa Saa Mbili

Wenzangu mlio kwenye ndoa, nina swali. Mmejichanga miaka miwili kwa safari moja, mwenzio anazidiwa njiani. Unarudi naye au unaendelea? Mimi niliendelea, na mawifi zangu mpaka leo wananinunia.

Mlima wenyewe unaitwa Vinicunca. Uko Peru, kwenye safu ya Andes, kusini-mashariki ya mji wa Cusco, na una mistari ya rangi kama kitenge kilichoanikwa. Ile nyekundu ni chuma kilichopata kutu, sawa na bati la nyumba ya bibi. Njano nayo ina chuma ndani yake, na kijani ni madini ya chuma na magnesi. Matabaka hayo yalijilaza moja juu ya jingine kwa mamilioni ya miaka, kisha Andes ilipoinuka yakapinda na kusimama. Zile picha za mtandaoni, jamani, nyingi zimeongezewa rangi. Mlima wenyewe umepoa zaidi, na kwangu mimi ni mzuri zaidi.

Sasa Baba Junior ni mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro anauona kama mali ya ukoo. Alishafika kileleni, mita 5,895, kabla hatujaoana. Vinicunca, mita 5,036, akaiita kichuguu. Lakini Kilimanjaro watu hupanda kwa siku tano hadi saba, mwili unazoea polepole. Huku unatoka Cusco alfajiri kwa gari, mita 3,400 hivi, na kabla ya saa sita mchana unahema kwenye mita 5,000, ambako presha ya hewa ni kama nusu ya ile ya Dar. Kupanda kwako kwa zamani si kinga. Hata siku tatu tulizokaa Cusco tukinywa chai ya koka hazikumsaidia. (Majani hayo huko ni halali kabisa, ila usithubutu kurudi nayo kwenye begi.)

Katikati ya njia kichwa kikaanza kumgonga, kisha akatapika. Kiongozi wetu alisema neno moja tu: soroche. Ndivyo wanavyouita ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ni kuteremka. Mama mmoja wa Kiquechua, kofia kichwani, akasogeza farasi wake.

"Nitajikaza," mume wangu akasema.

"Hujikazi, unashuka. Nami nashuka nawe."

Akaniangalia kwa muda. "Mama Junior, tukishuka wote nitaumwa mara mbili. Nenda."

Kiongozi wa pili akashuka naye, ndiyo maana nikakubali. Angebaki peke yake, nisingeondoka. Watu wanasema mapenzi ni kuongozana kila mahali. Mimi nadhani wakati mwingine ni ugomvi uleule wa nani amwonee huruma mwenzie zaidi, na safari hii yeye alishinda.

Juu nilikaa dakika kumi na tano. Upepo ulikuwa mkali, mikono ilikufa ganzi, sikuwa na wa kumwambia "ona pale".

Nilimkuta garini, blanketi mabegani. Akachukua simu, akazipitia picha zote kimya.

"Huu wekundu," akasema, "ni udongo wa kwetu tu."

Halafu akauliza kama kuna chakula, nikajua kichwa kimepoa.