Hadubini ya Shemeji: Safari ya Huaqiangbei



Ndugu wasomaji, msafiri hakosi maagizo. Nilipokuwa nikifunga safari ya Guangzhou, China, kwa shughuli zangu za biashara, shemeji yangu, fundi wa simu hapa Maskati, mtaa wa Ruwi, alinikabidhi bahasha ya fedha akaniambia: "Shemeji, mikono ninayo, lakini macho yameanza kuniaga. Niletee hadubini ya kulehemea." Kwa mtu alishaye watoto kwa kulehemu vipuri vyenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake, maneno hayo si mzaha. Nikaipokea amana, ilhali hadubini yenyewe siijui.

Nilipomaliza yangu Guangzhou, nikapanda treni hadi Shenzhen, mji uliofanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980. Kutoka stesheni ya Luohu nikashuka chini ya ardhi, nikachukua treni ya mjini hadi Huaqiang Road, na nilipotokeza juu nikajikuta Huaqiangbei. Tangu mwaka 2017 barabara yake kuu ni ya waendao kwa miguu. Mbele yangu lilisimama jengo la SEG Plaza, lenye ghorofa zaidi ya 70. Ndilo lile lililotikisika Mei 2021 hata watu wakatimka mbio. Ghorofa za chini ni soko: vibanda vimebanana, kila kimoja na meza yake ya kioo, na vipuri vimeviringishwa kwenye magurudumu mithili ya filamu. Sauti itawalayo humo ni ya gundi ya karatasi ikivutwa kufungia maboksi, kutwa nzima.

Kibanda cha kwanza nilionyeshwa hadubini ya kamera yenye kioo kama cha televisheni. Picha ilipendeza, na muuzaji akasifu kwamba hukuza mara nyingi mno. Nikampigia simu shemeji. Akanijibu: "Shemeji, usinitafutie ukubwa, nitafutie nafasi. Na unipe macho mawili."

Maana yake niliipata kibanda cha pili, nilipokalishwa kwenye kigoda na kupewa pasi ya kulehemea. Kwanza nilijaribu kwa kutazama kioo: nikidhani ncha imegusa bodi, kumbe ingali hewani, kwani picha ya kamera moja haina kina, tena huchelewa nyuma ya mkono. Kisha nikainamia hadubini ya macho mawili. Humo kila jicho hupata njia yake ya mwanga, na akili huziunganisha ikaona juu na chini. Nikagusa palepale nilipokusudia.

Na nafasi? Lenzi za juu hukuza mara 10, na ya chini huanzia 0.7 hadi 4.5, jumla ni mara 7 hadi 45. Lakini kati ya lenzi na bodi hubaki kama sentimita 10 tu, mahali ambapo pasi huingia kwa shida na moshi hupanda moja kwa moja kwenye lenzi. Ukifunga chini yake lenzi ya nyongeza ya 0.5, ukuzaji hupungua nusu, ila nafasi huongezeka hadi sentimita 16 au zaidi, na upana uonekanao hutoka milimita 28 hadi kama 57. Mara 3.5 hadi 22 zatosha sana kwa kazi ya simu.

Fedha za bahasha zilitosha kitu kimoja kati ya viwili: hadubini yenye mrija wa tatu wa kamera, au ya mirija miwili pamoja na lenzi ya nyongeza, taa ya duara na mguu mzito wenye mkono mrefu. Nikachagua ya pili, maana mguu mwepesi ukitikisika kidogo, lenzi huukuza mtikisiko huo nao.

Hadubini ya kwanza niliyoletewa ilinionyesha kila kipuri kuwa viwili, na kichwa kikaanza kuuma. Nilikwisha kunywa chai ya mwenyeji, na haya zilinishika. Lakini amana haina haya. Nikairudisha, nikajaribu nyingine: nikaipanua mirija iwiane na macho, nikakuza kutoka chini hadi juu, na picha ikabaki moja, safi. Hiyo ndiyo niliyoilipia.

Chuma cha mguu nilikitia kwenye sanduku. Kichwa cha hadubini nikakifunga ndani ya kanzu na kukibeba mkononi hadi Maskati.

Shemeji aliiweka mezani, akavuta bodi iliyomshinda tangu mwezi uliopita, akainama. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanawe: "Njoo, mwanangu, utazame anachofanya baba yako."

Basi enyi wenye vijana wajifunzao ufundi, kabla hamjauliza hadubini hukuza mara ngapi, ulizeni mkono utapita wapi.