Mtoto Si Dawa

Niko na miaka 24, na kila mwezi kuna siku tatu mimi hulala kwa sakafu ya bafu, juu kitanda kinakuwa mbali. Miaka saba niliambiwa, "Ni hedhi tu, zoea." Kumbe ina jina: endometriosisi. Tishu kama zile za ndani ya mfuko wa uzazi zinamea nje yake. Jina hilo nililijua tu kupitia Jahmby Koikai, aliyeongea wazi kuhusu ugonjwa huu kabla afariki 2024.

Sasa niko na uvimbe kwa ovari. Upasuaji unaweza kupunguza maumivu, lakini unaweza kupunguza mayai yangu pia. Homoni zinatuliza, ila nikizitumia sishiki mimba, na nikiziacha maumivu yanaweza kurudi.

Anti yangu anasema, "Zaa tu, itaisha." Aki Anti, mtoto si dawa. Namtaka siku moja, lakini nikiwa tayari, si kama tembe.

Bado sijaamua. Kama una rafiki anaumwa hivi, usimpe jibu. Msindikize kliniki, mngoje daktari pamoja.