Mtoto wa juu ya paa

Leo niwape mkasa wa kazini.

Wiki iliyopita mhariri alinipa nijaribu programu ya akili mnemba ya kutengeneza video fupi. Unaiandikia unachotaka, inakupa video. Mambo yamekwenda mbio: OpenAI walipoitangaza Sora, Februari 2024, video zake zilikuwa bubu. Mei 2025 Google wakaleta Veo 3, picha na sauti pamoja, sekunde 8. Niliyopewa mimi ni ya aina hiyo hiyo.

Nikaandika: mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, Desemba 2011. Video ya kwanza nilicheka sana. Magari yanapita kulia, bango la duka halisomeki, na mama aliyebeba ndoo ana vidole sita! Nikarekebisha maelezo. Ya nne sikucheka. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mabati, kelele za watu, na mtoto juu ya paa anapunga mkono. Bila kamera, bila nauli, bila kulowa.

Jioni nikamwonyesha mama mdogo, na sikumwambia imetoka wapi. Hapo najilaumu. Mafuriko yale aliyapitia mwenyewe, vyombo vyote vikaenda na maji, na baadaye akawa miongoni mwa waliohamishiwa Mabwepande. Akaitazama mara mbili, kimya. Kisha akauliza:

"Mwanangu, huyu mtoto walimwokoa?"

Nikakosa jibu. Huyo mtoto hajawahi kuwepo. Nilipomweleza, akanirudishia simu.

"Wa kwetu walikuwepo. Mbona hukuja kutuuliza sisi?"

Basi ripoti yangu kwa mhariri ilikuwa fupi. Kuonyesha jinsi Mto Msimbazi unavyofurika hadi kuingia kwenye nyumba za watu, kama mchoro, programu inafaa, ila maandishi "imetengenezwa kwa akili mnemba" yakae mwanzo hadi mwisho. Kuonyesha tukio lililowapata watu, hapana. Sio kwa sababu ya vidole sita, hivyo vitarekebishwa. Ni kwa sababu ikishakuwa safi kabisa, hatutaona tena haja ya kwenda kumuuliza aliyekuwepo.

Mhariri bado anafikiria. Mimi Jumamosi nakwenda Mabwepande na kinasa sauti changu. Mama mdogo ameshaniambia nije na sukari.

Mnasemaje wenzangu?