Udongo wa vyungu ndani ya sanduku la samaki

UVIRA – Katika chumba kimoja cha kupanga, mtaa wa Mulongwe, kuna kitanda, meza, mabidoni ya maji na sanduku la kioo lenye samaki. Sanduku hilo lina urefu wa santimeta 80. Mwenye nyumba alipoliona mara ya kwanza alicheka sana.

Mwenye sanduku ni fundi wa vioo vya madirisha. Nyumba yake mwenyewe ilichukuliwa na maji mwezi wa ine 2020, wakati mto Mulongwe ulipotoka njia yake na kuingia katika parseli za watu. Watu walikufa, maelfu wakabaki bila makao. Yeye alitoka na mke, watoto watatu na mfuko wa vyombo vya kazi. Vioo vya sanduku ni mabaki ya madirisha ya watu wengine, aliyoyakusanya moja moja na kuyaunganisha kwa silikone.

Mke wake hakupenda hata kidogo. Katika mji ambako mtu anaamka saa kumi usiku kupanga mstari na bidoni, na ambako kolera hairuhusu kunywa maji yoyote tu, baba wa nyumba anamwaga mabidoni sita ndani ya kioo! Alimwambia: «Baba, watoto hawatakula samaki wa kutazama.» Kwa haki, mama alikuwa na sababu. Fundi alijibu kwamba maji atayachota mwenyewe ziwani, na kweli aliyachota.

Samaki ni wale wadogo wa Tanganyika wanaojificha ndani ya konokono tupu. Watu wa ng'ambo wanawalipia pesa nyingi. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anawatuma samaki wa ziwa hili Ulaya na Marekani kutoka Bujumbura, pale tu ng'ambo ya maji. Huku kwetu mtoto akimshika mmoja anamtupa.

Shida ilikuwa hewa. Wenye pesa wanaweka pompe ya umeme, lakini umeme wa mtaa huo unakuja kama mgeni. Kwa hiyo fundi alitegemea majani, yale marefu kama mikanda yanayoota chini ya ziwa. Wakati wa mwanga, majani yanatoa hewa ambayo samaki wanavuta. Majani yakifa, samaki nao wanafuata.

Na majani yalianza kufa. Aliyapanda katika mchanga aliouosha vizuri mpaka maji yakatoka meupe, akidhani usafi ndio uzima. Baada ya mwezi yakawa ya manjano. Mchanga uliooshwa hauna chakula. Tena maji ya Tanganyika ni makali, yamejaa chumvi za mawe, na katika maji ya namna hiyo chuma kinashikamana na kuanguka chini kama kutu. Majani hayawezi kukivuta.

Alifikiri matope yatasaidia. Nyuma ya ukuta wa parseli yake ya zamani kulikuwa bado na matope meusi ya mafuriko, akajaza ndoo, akayaweka chini ya mchanga. Siku ya ine chumba kizima kilinuka mayai yaliyooza. Samaki saba walielea juu. Matope yale yalikuwa na taka za mtaa mzima, hata za vyoo, na vitu vinavyooza vinakula hewa na kuacha sumu. Binti yake mdogo aliwazika kwenye kopo la maziwa. Mama hakusema neno, na fundi anakubali kwamba kimya kile kilimuuma kuliko lawama.

Aliyemsaidia ni mama mmoja mzee, mhami wa vita kutoka milima ya juu, anayelala kwa jirani na jamaa yake. Huko kwao alikuwa anafinyanga vyungu. Alisimama mlangoni, akaangalia, akauliza: «Mwanangu, kwa nini unalisha majani uchafu? Yape udongo.»

Walikwenda pamoja mahali watu wanapochimba udongo wa matofali, mbali na vyoo. Mama mzee alichukua kidogo, akausokota kama kamba, akauzungusha kwenye kidole. Ukipasuka, una mchanga mwingi. Ule haukupasuka. Aliuchuja, akautoa mizizi na majani, akafanya vidonge vya ukubwa wa gololi na kuvikausha kivulini siku tatu.

Kidonge kimoja kwa kila shina, kinasukumwa ndani kabisa, halafu mchanga wa vidole vitatu juu. Si zaidi. Udongo ukijaa sana unashikana kama saruji na mizizi inakosa pumzi. Ukiwekwa kwa kipimo, unafanya kazi mbili. Unashika chakula kinachotoka katika mavi ya samaki na kuuwekea mzizi. Pia, kwa kuwa chini pale hewa ni kidogo, chuma cha udongo mwekundu kinayeyuka, mzizi unakivuta kabla ya maji makali kukigusa.

Majani ya zamani yalibaki ya manjano. Mapya yalitoka ya kijani baada ya majuma mawili.

Ndipo mwenye hoteli mmoja akaja na dola 70, alitaka sanduku zima. Kodi ya chumba ni dola 15 kwa mwezi na ilikuwa imechelewa. Fundi alimtazama mkewe, akitegemea atasema uza. Mama akasema: «Mtengenezee lake. Hili ni la watoto.» Wakaelewana dola 30 mbele, na tano kati ya hizo zikaenda kwa mama mzee kwa vidonge arobaini. Alizihesabu mara mbili. Ni pesa zake za kwanza za ufinyanzi tangu akimbie.

Wakati wa kugawanya majani kwa sanduku la pili, fundi aling'oa shina moja kwa haraka. Udongo ukapanda, na katika dakika moja maji yote yakawa mekundu, rangi ileile ya Mulongwe ya usiku ule. Mama alitoka nje akakaa kwenye kiti. Binti alibaki na mkono kwenye kioo.

Maji makali yana faida moja: chumvi zake zinafanya udongo ushikane na kuzama upesi. Siku ya pili asubuhi konokono zilionekana tena. Binti alihesabu samaki, wanane, wote hai, akatoka kumuita mama yake.